Milo Arobaini na Mitano

Jina la Ratiba alibandikwa na mdogo wake wakiwa bado wanasoma, likamganda mpaka akawa mtu mzima mwenye kazi yake na nyumba yake ya kupanga. Halikuwa tusi. Alikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na kazi yake kutwa ilikuwa kuwapanga watu: huyu saa tatu kung'olewa, huyu saa tatu na nusu kuzibwa, na yule mwenye shavu lililovimba achomekwe katikati bila wengine kununa. Kitu chochote kisichopangwa kilimwasha mwilini kama upupu.

Kwa hiyo, yeye na mdogo wake walipokubaliana kumpeleka mama yao mapumziko, hakuna aliyeuliza nani atashika usukani. Mama alikuwa na mwaka mmoja tu tangu astaafu. Alikuwa amepika miaka thelathini na moja kwenye jiko la shule ya bweni, jiko la kuni lenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kukaa ndani akaoga, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kulala hotelini hata siku moja. Mabinti walidunduliza, wakapata hoteli ndogo mahali penye vilima na chemchemi za maji moto. Wangeingia Jumatatu kabla ya chakula cha mchana na kuondoka Jumamosi baada ya chai ya asubuhi.

Lilibaki swali moja. Hoteli ilitaka kujua kama watalipia milo yote kabla, kwa bei iliyopunguzwa, au watalipia vitanda tu na chakula wawe wanakilipia kila wanapokula.

Ratiba alilipeleka swali hilo saluni kwa mdogo wake, ambaye alikuwa msusi. Alimkuta amesimama nyuma ya mteja, vidole vikienda mbio.

"Lipa vitanda tu," Msusi akasema bila kuinua macho. "Chakula tutajua huko huko. Nikitaka kula nakula, nisipotaka hakuna anayenidai."

"Huko huko ndiyo wapi? Umesahau ile safari tuliyozunguka kwenye mvua tunatafuta mahali pa kula mpaka ukalia?"

"Nililia kwa sababu ya viatu."

"Mimi ningelipa kabla," mteja akadakia, kichwa kimevutwa upande. "Ukishalipa unakula kwa amani."

"Shingo iwe wima, dada," Msusi akamwambia.

Ratiba alitoka pale akiwa na kura mbili dhidi ya moja, kama kura ya mteja inahesabiwa. Jioni akampigia mama simu, akamweleza njia zote mbili, ya kulipa kabla na ya kulipa ukila.

"Amueni wenyewe, wanangu," mama akasema. "Mimi vyovyote."

Ratiba akaamua. Watu watatu, milo kumi na mitano kila mmoja, jumla arobaini na mitano, yote imelipiwa. Usiku ule alilala usingizi wa mtu aliyefunga mlango akahakikisha komeo.

Hotelini walivalishwa utepe wa buluu mkononi, wa kuonyesha kwamba wao ni watu wa chakula kilicholipiwa. Kwenye mlango wa ukumbi wa kulia palikuwa na karatasi iliyowekwa kwenye plastiki: chai saa moja hadi saa tatu asubuhi, chakula cha mchana saa sita na nusu hadi saa nane, cha jioni saa moja hadi saa tatu usiku. Chakula hakitolewi nje ya ukumbi. Mlo uliokoswa haurudishiwi malipo. Ratiba aliisoma akaridhika. Hivi ndivyo mambo yanavyotakiwa kuwa, alijiambia.

Mchana ule wa kwanza alijaza sahani yake vizuri, Msusi akajaza kiasi, mama akaja na kikombe cha chai ya rangi na kipande cha kiazi.

"Mama, hicho ndicho chakula?"

"Kinanitosha."

"Kuna kuku, kuna samaki, kuna wali wa aina mbili."

"Nimeviona. Wali wa upande ule umeshika chini, usiuchukue." Mama akanywa chai yake polepole. Halafu akainuka, akaenda mpaka kwenye meza ya vyakula, akakitoa kijiko cha mchuzi kilichokuwa kimezama, akakilaza juu ya kifuniko, akarudi kukaa.

Jioni akala vijiko vinne vya wali. Ratiba alivihesabu, ingawa hakutaka kuvihesabu. Uchovu wa safari huo, akajipa moyo, kesho atakuwa sawa.

Kesho yake haikuwa sawa. Saa mbili asubuhi mama alikuwa ukumbini na kikombe cha chai kavu, na Msusi hakuwapo kabisa. Ratiba akapanda ngazi, akagonga mlango wa chumba cha mdogo wake. Akagonga tena.

"Chai inafungwa saa tatu," akasema kupitia tundu la ufunguo.

"Nimelala, Dada."

"Imelipiwa."

"Nimelala huku imelipiwa." Sauti ikatoka chini ya shuka. "Miaka sita nafungua saluni saa kumi na mbili na nusu. Niache."

Ratiba akashuka peke yake, akala mayai mawili, mkate, tunda, kisha yai la tatu ambalo hakuwa na njaa ya kulipokea. Aliona akilini mistari iliyokatwa: Msusi chai, sifuri. Mama chai, robo. Mchana mama akala kipande cha samaki kama kidole gumba. Jioni akasema tumbo limejaa. Limejaa nini? Ratiba alitaka kuuliza, akajikaza kisabuni.

Jumatano ndipo damu ilipoanza kumchemka. Walikuwa wanatoka ukumbini baada ya chakula cha mchana, mama katikati, mhudumu wa mlangoni akanyoosha mkono. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, aliyeonekana kuchukia anachotaka kukisema.

"Samahani, mama. Hicho kwenye kitambaa."

Mama akafungua kitambaa cha karatasi alichokuwa amekishika chini ya mtandio. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya mkate na yai la kuchemsha.

"Chakula hakitoki, mama. Ndiyo utaratibu."

"Sawa, baba," mama akasema, na akarudi kuviweka juu ya meza, taratibu, kama mtu anayerudisha kitabu cha watu. Alipofika tena mlangoni alikuwa anatabasamu. "Hata mimi nilikuwa nawasachi hivyo hivyo wanafunzi. Mifukoni mpaka kwenye soksi."

Ratiba hakutabasamu. Uso ulimwaka. "Mmekula hela yetu ya siku tano," akamwambia mhudumu, "mama yangu hajala hata ya siku moja, halafu unamsachi kwa sababu ya yai?"

"Dada, mimi nimewekwa tu hapa mlangoni."

"Basi aliyekuweka yuko wapi?"

Alikuwa mapokezi. Ratiba akaenda huko kwa hatua ndefu, akaomba wabadilishiwe: milo iliyobaki ifutwe, walipie watakachokula. Mwanamke wa mapokezi alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinamishwa kidogo upande, akabonyeza vitufe viwili vitatu vya kompyuta, akainua uso wenye huruma.

"Natamani nikusaidie, dada. Mfumo haukubali."

Ratiba akaduwaa. Maneno yale aliyafahamu. Huruma ile aliifahamu, hata ule mwinamo wa kichwa. Yeye mwenyewe huwaambia hivyo wagonjwa wanaotaka kuhamishiwa siku nyingine, na nusu ya mara hizo huwa hajaubonyeza mfumo wowote. Akashukuru, jambo lililomkera zaidi, akaondoka.

Msusi alikuwa amekaa kwenye ngazi, ananyonya maji ya chupa. "Wamekubali?"

"Usianze."

"Sijasema kitu."

"Unakifikiria."

Alhamisi walikuwa wamepanga kwenda chemchemi. Palikuwa mbali kidogo, mwendo wa dakika arobaini kwa gari la hoteli, na Ratiba alikwishapiga hesabu: watoke saa tatu, wafike, waingie majini, saa saba kasorobo watoke, saa saba na nusu wako mezani. Alimwambia dereva, akamwambia tena. Gari lenyewe likachelewa kuondoka kwa sababu ya wageni wengine waliokuwa wanatafuta kofia. Walipofika, njia ya kushuka kwenye maji ilikuwa na mawe, na mama alishuka jiwe moja baada ya jingine, ameshikwa mikono miwili.

Lakini alipoyafikia maji akakaa juu ya jiwe pana, akavua viatu, akaingiza miguu mpaka magotini. Akafumba macho. Miguu ile ilikuwa imesimama juu ya saruji miaka thelathini na moja, mishipa imetokeza kama kamba chini ya ngozi, na sasa ilikuwa imetulia ndani ya maji ya vuguvugu yenye mvuke. Msusi aliingia na nguo zake, akaelea chali karibu naye, anacheka peke yake.

Ratiba alikuwa juu ya mawe, anatazama saa.

"Mama, twende."

"Sasa hivi?"

"Ni saa saba na dakika tano. Chakula kinafungwa saa nane."

Mama akafumbua macho. Hakubisha. Akatoa mguu mmoja, akautoa wa pili, akaanza kuikausha kwa ncha ya kanga. Msusi akasimama katikati ya maji, nywele zinachuruzika.

"Dada, acha kidogo."

"Tukiacha tutakosa."

"Tukose."

"Imelipiwa," Ratiba akasema, na hata yeye akasikia jinsi neno lile lilivyochakaa.

Walipanda mawe, wakapanda gari, wakarudi. Kiti cha Msusi kilibaki na dimbwi. Walishuka mbele ya hoteli saa nane na dakika sita, Ratiba akatangulia karibu mbio. Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa. Kupitia kioo aliwaona wahudumu wakibeba masinia ya chakula, bado yanatoa moshi, kuyarudisha jikoni.

Akagonga kioo. Mhudumu wa makamo akaja, akafungua kiasi cha kupitisha uso.

"Pole, dada. Mngesema jana mngefungiwa chakula cha njiani. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

Akaonyesha. Chini kabisa ya karatasi ya plastiki, chini ya mambo yote aliyoyasoma Jumatatu akaridhika, palikuwa na mstari mmoja zaidi: wageni wanaotoka watoe taarifa siku moja kabla, watafungiwa chakula. Ratiba, anayesoma mpaka maandishi ya nyuma ya tiketi, alikuwa hajaufikia.

Msusi alikuja nyuma yake, akausoma mstari ule juu ya bega lake.

"Umemtoa mama majini kwa ajili ya wali," akasema. Hakupaza sauti. "Angalau wali wenyewe ungekuwepo."

"Kama ungeamka asubuhi hata siku moja ukanisaidia kufikiria—"

"Sikuomba tufikirie. Niliomba tulipie vitanda."

"Na ungekula wapi? Unajua kulalamika, hujui kupanga. Siku zote mimi napanga, wewe unafuata, halafu unanicheka."

"Basi usipange."

Kila mmoja akaenda chumbani kwake, na hakuna aliyegundua kwamba mama hakuwa amesimama pale.

Ratiba alilala kitandani na viatu. Tumbo lilimnguruma. Alikuwa amekasirikia hoteli, mdogo wake, kofia za wageni wengine, na zaidi ya vyote ule mstari wa mwisho. Saa kumi ikakaribia akaona aende akamwombe mama radhi kwa habari ya maji. Akagonga chumba cha mama. Kimya. Akazunguka bustanini, akauliza mapokezi. Yule mwanamke wa mfumo usiokubali akamwambia mama ametoka na mkoba wake, akapinda kushoto.

Upande wa kushoto, hatua mia mbili kutoka getini, palikuwa na mgahawa wa bati wenye meza nne na pazia la shanga mlangoni. Ratiba akalisogeza pazia.

Mama alikuwa ameketi peke yake kwenye meza ya ukutani. Mbele yake palikuwa na sahani iliyojaa: wali, maharage, samaki mzima wa kukaanga, mboga za majani pembeni. Alikuwa amekunja mikono ya gauni. Anakula. Hakuwa anadonoa, alikuwa anakula kwa nguvu na kwa furaha, anachambua samaki kwa vidole, anamumunya kichwa, anafuta mchuzi kwa tonge.

Hasira ilimpanda Ratiba mpaka kooni. Siku nne anabembeleza, siku nne vijiko vinne, kumbe. Akafungua mdomo aseme, halafu jambo jingine likamjia, la ajabu, akasimama na pazia mkononi akilichunguza. Hakuwahi kumwona mama yake akila hivi. Alijaribu kukumbuka hata mara moja. Alimkumbuka anapakua. Alimkumbuka amesimama jikoni na kikombe. Amekaa mbele ya sahani iliyojaa, hakumkumbuka.

"Ingia, unawaletea nzi," mama akasema.

Ratiba akaingia, akakaa. "Mama, kule kuna chakula."

"Saa hizi?"

"Saa sita na nusu kulikuwa nacho. Jana. Juzi. Siku zote."

"Saa sita na nusu mimi sina njaa, mwanangu. Saa saba wanafunzi wanakula, napakua. Saa nane naosha. Saa tisa nalowesha maharage ya usiku. Nikimaliza ni saa kumi, ndiyo nakaa na sahani yangu nyuma ya stoo, peke yangu, nakula nashiba. Tumbo limezoea hivyo. Nimestaafu mimi, lenyewe bado halijastaafu."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza. Nilikupigia simu."

"Uliniuliza tulipe kwanza au tulipe baadaye. Hayo ya hela mimi sikuyajua. Ningekuambia nini? Hukuniuliza nakula saa ngapi."

Ratiba alitazama meza. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote, na hakutaka kuimeza hivyo hivyo. "Na wewe, Mama, ukisema 'amueni wenyewe', sisi tutajuaje? Siku nne nimekubembeleza, unaniambia umeshiba. Nimegombana na mtu wa watu mlangoni kwa ajili yako. Nimegombana na mdogo wangu."

Mama alitafuna kwanza, akameza. "Niliona umefurahi," akasema. "Ulivyokuwa unasoma ile karatasi yao siku ya kwanza. Nikaona nisikuharibie."

"Umeniharibia siku nne."

"Ni kweli. Nimekosea hapo." Mama akasukuma bakuli la mboga upande wake. "Kula, basi."

Ratiba akala vijiko kadhaa vya mboga kwa kijiko ambacho mama hakuwa amekigusa.

Ijumaa walikubaliana wote watatu wakutane pale mgahawani saa kumi. Msusi aliposikia habari ya saa kumi alimtazama mama muda mrefu, akasema tu, "Nyuma ya stoo?" Hakumwomba dada yake radhi, wala Ratiba hakumwomba, ila asubuhi Ratiba alimgongea mdogo wake mlango na kumpelekea chai mwenyewe. Kikombe tu. Mhudumu wa makamo alikiona kinatoka, akageuka kutazama dirishani.

Kilichomshinda Ratiba kilikuwa mchana. Alipita mbele ya ukumbi saa saba, akasikia vijiko vinagonga sahani, akaona kuku wa rangi ya kahawia ambaye yeye, kwa mkono wake, alikuwa amemlipia wiki tatu kabla. Alijiambia aendelee na safari zake. Akafika mpaka bustanini, akarudi. Nitaonja tu, akasema moyoni. Akaonja kuku, akaonja wali, na kwa vile sahani mbili za wenzake zilikuwa zinapotea bure akaongeza na viazi na kipande cha keki.

Saa kumi alikuwa mgahawani, ameshiba mpaka pumzi inapita kwa shida. Mama aliagiza samaki watatu. Mwenye mgahawa akawaleta wakichirizika mafuta, ngozi imekauka vizuri, na harufu yao ingemwamsha mgonjwa. Msusi akanawa, akashambulia. Mama akakunja mikono ya gauni. Ratiba akamegua kipande, akakitia mdomoni, akakizungusha huko ndani. Hakikushuka.

"Umekula kule," Msusi akasema.

"Kidogo."

"Dada."

"Nimekula, ndiyo. Niacheni."

Alitegemea wacheke, na Msusi kweli alikuwa anauma midomo, lakini mama akamsogezea glasi ya maji. "Usijilazimishe," akasema. Akachukua samaki wa Ratiba, akamgawa mara mbili, nusu kwa Msusi na nusu kwake. Ratiba akabaki anawatazama wanavyokula na wanavyozungumza, akiwa amejikasirikia kiasi cha kutaka kulia, kwa maana kesho wanaondoka asubuhi na saa kumi nyingine ya safari ile haikuwapo.

Jumatatu alirudi kliniki. Alimwomba daktari amruhusu kutoka saa tisa siku za Jumatano, angalau mara mbili kwa mwezi, ili saa kumi awe mezani kwa mama. Daktari akasema Jumatano ndiyo siku ya watoto, haiwezekani. Akaomba Alhamisi, ikawa haiwezekani pia. Ikabaki Jumapili. Jumapili ya kwanza akapanda gari la kwenda kwa mama, barabara ikawa imefungwa kwa ajili ya kupakwa lami, abiria wakashushwa, akatembea sehemu ya mwisho huku visigino vinamuuma na kifua kimejaa maneno mabaya aliyowaandalia watu wa barabara.

Alipofika ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi mezani, sahani yake imefika nusu, mfupa wa samaki ukiwa umewekwa pembeni. Palikuwa na sahani ya pili iliyofunikwa.

"Umechelewa," mama akasema, hakuacha kutafuna.

"Barabara."

"Nawa uje."

Ratiba akavua viatu, akanawa, akavuta kiti.